Tulipendeza Mpaka Tukakataliwa

Mpendwa Baba Furaha,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa mezani kwetu hapa Kasha, dirisha wazi, na majirani wanagombana juu ya bomba la maji kama siku zote. Furaha alitaka mimi niseme, yeye aandike. Nimemkatalia. Binti yako ameanza tabia yako ya kusahihisha sentensi za watu, na leo nataka niseme nilivyo. Barua hii sitaifunga. Kwanza, huko uliko posta haifiki. Pili, kuna watu wengi hapa mjini na kando ya ziwa wanaongojea jibu kama lile tulilolingojea mimi na wewe, na inafaa waisome. Usiogope, ya chumbani sitayasema.

Nataka kukuelezea jinsi kesi yetu na mutuelle, ile bima yetu, ilivyoisha. Ulipoondoka ilikuwa bado imekwama, na ninajua ilikuuma kuiacha hivyo. Ila nianze mwanzo, maana nikirukaruka utaguna.

Unakumbuka ni wewe uliyeona kwanza. Mimi nilikuwa kwenye mashine yangu, ninashona libaya, blauzi ya kitenge, ya mama mmoja wa Bagira aliyekuwa na haraka ya harusi, na kidole kidogo cha mkono wa kuume kikaanza kucheza chenyewe. Nilidhani ni uchovu. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, madaftari ya wanafunzi kwapani, kravati shingoni. Ukaniuliza, "Mama Furaha, ile kidole yako iko naimba wimbo gani?" Nikacheka. Wewe hukucheka, ukaweka madaftari chini na kuja kuushika mkono wangu, na kidole kikaendelea kucheza ndani ya kiganja chako.

Tulizunguka sana baada ya hapo. Mmoja akasema ni baridi yabisi, mwingine akasema ni mawazo, na jirani yetu, Mungu amsamehe, akasema nimelishwa sumu na mtu anayenionea wivu kwa ajili ya mashine. Mpaka tukampata yule daktari wa mishipa ya fahamu, akanitembeza kwenye ukumbi, akanigongesha vidole, akaniambia niandike jina langu. Nikaliandika, herufi zikapungua, zikapungua, mwisho zikawa kama kinyesi cha panya. Akatuambia ni ugonjwa wa Parkinson. Akaeleza kwamba ndani ya kichwa kuna kitu kinachoamrisha mwili utembee vizuri, na kwangu kinapungua kidogo kidogo. Ulimwomba arudie lile jina la kizungu. Tulipofika kwenye kona ya barabara ukasema, "Sasa uko na muzungu ndani ya mwili. Tutamulisha nini?"

Tangu siku hiyo hukuuita kwa jina lingine. Kila asubuhi, "Ule muzungu yako ameamuka?" Na mimi ninakujibu kwamba ameamka na anataka chai. Watu waliotusikia walidhani tuna mpangaji.

Chai yenyewe ninaikumbuka. Ulianza kunimiminia nusu kikombe tu. Nikiomba nyingine unasema imeisha, na birika lilikuwa zito mkononi mwako, niliona. Ulikuwa hutaki nimwage mbele ya watoto wa dada yako. Sikukwambia kwamba ninajua, kwa sababu nilipenda kudanganywa namna ile.

Wewe na nguo. Hata kilichotukutanisha ni suruali. Ulikuwa mwalimu kijana, umeletwa Bagira kufundisha darasa la tatu, ukaja kwenye chumba nilichokuwa ninajifunzia kushona ili ipunguzwe kiunoni. Ukairudisha ipunguzwe zaidi. Ukairudisha iachiliwe kidogo. Ukairudisha tena, mpaka yule mama aliyenifundisha kazi akaitupa suruali mezani na kusema mbele yako, "Huyu mwalimu hana shida ya pantalo." Ulivaa kravati kwenda kununua makaa. Ulipiga pasi hata kitambaa cha kufutia ubao. Nilikupenda hivyo hivyo, na sisemi leo kwamba ilikuwa kosa. Ninasema tu kwamba ndiyo iliyotuponza.

Maana vidonge alivyoniandikia vilipoanza kuchoka, daktari alituambia habari ya operesheni. Kidonge kikifanya kazi nilikuwa ninatembea, ninashona, ninabishana nawe. Kikiisha nguvu, miguu inagandia sakafuni, mkono unatetemeka, na uso unakauka, hata nikifurahi hakuna anayejua. Zile saa nzuri zilikuwa zinafupika. Daktari akasema huko Nairobi kuna wanaoingiza nyaya nyembamba kichwani, zikaunganishwa na kifaa kidogo kinachokaa chini ya ngozi ya kifua, na kile kifaa kinatuliza mtetemo. Akasema haiponyi, tena haimfai kila mgonjwa, lakini mimi ningefaa. Ukauliza maswali mpaka akaangalia saa yake.

Kwa watakaosoma bila kuijua, mutuelle ni bima yetu ya afya sisi watu wa parokia. Kila nyumba inatoa mchango wake kupitia shirika, ile jumuiya ya majirani wanaosali pamoja, na mmoja akiugua wote wanamlipia. Wewe ndiwe uliyezunguka Kasha nzima kuwashawishi watu wajiunge, mpaka watoto wakikuona kwa mbali wanapiga mbio kuwaonya mama zao kwamba mwalimu wa mutuelle anakuja. Na ndani ya mutuelle kulikuwa na mfuko wa magonjwa makubwa. Ndio uliowapeleka nje wale watoto wenye moyo wenye tundu. Uliniambia, "Tutaomba. Njo kazi yake." Kwamba hiyo ndiyo kazi ya mfuko, hukuwa na wasiwasi hata kidogo.

Sasa ile siku ya kamati ya mutuelle. Wewe uliamka mapema kuliko jogoo, ukawasha pasi ya makaa, ukanyoosha kitenge changu cha bluu mpaka kikawa kigumu kama karatasi. Ukatafuta hereni. Ukahesabu saa za kidonge, nikakimeza kwa wakati ili tufike nikiwa mzima. Mimi nikasema labda si lazima nipendeze hivyo. Ukanijibu kwa ile sauti yako ya darasani: "Hatuende kule sawa batu ya kuomba-omba. Tuko bamembre." Wanachama, si ombaomba: nilikubali, kwa sababu hata mimi sikutaka kuonekana vingine. Hapa kwetu mtu akiitwa mbele ya wakubwa anaoga, anavaa, anaingia wima. Nani angetufundisha vingine?

Nikaingia wima. Nikawasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, na mkono ulikuwa mtulivu kama wa padri. Nikakaa, nikapanga kitenge. Daktari wa mutuelle, kijana mwenye adabu nyingi, akaniomba nitembee mpaka dirishani na kurudi. Nikatembea. Wewe ulikuwa unanitazama kama siku ya harusi yetu. Yule kijana akafungua mikono, akashangaa nilivyo mzima: "Mais, maman, uko bien! Hata mimi sitembeake vile." Papa Président wa mutuelle, na sauti yake ile ya kuita ng'ombe, akafunga mambo: "Ile mufuko iko ya magonjwa ya kuua. Hii haiue mutu, na maman munamuona, iko muzuri. Tutasema nini kwa wazazi ya wale batoto ya moyo?" Wewe ukaanza kueleza kwamba saa tatu baadaye wangeona mtu mwingine. Wakakusikiliza kwa heshima, wakakushukuru.

Nje, kwenye ngazi za parokia, ulisimama ukalegeza kravati. Sikuwahi kukuona ukiilegeza barabarani. Ukaniangalia kuanzia hereni mpaka viatu, ukasema, "Mama Furaha, tumependeza mupaka wametukatala." Tukacheka. Tulicheka mpaka nikashika ukuta, na mlinzi akaja kuuliza kama tunahitaji maji. Halafu kidonge kikaisha tukiwa katikati ya kile kilima, na ukanivuta mkono hatua kwa hatua, koti lako jipya likiloa jasho, hakuna tena aliyecheka.

Daktari wa mishipa ya fahamu alipopata habari alisema turudi, lakini nisimeze kidonge, wanione ninavyokuwa. Hapo ndipo tulipokwama. Ulikasirika. Uliniambia, "Siwezi kupeleka bibi yangu kule, bamuangalie sawa filme." Na mimi sikukubishia, kwa sababu hata kwako nilikuwa ninajificha, ninageuza mgongo ninapofungua vifungo. Ukaandika barua nzuri kwa kamati, zenye Kifaransa cha kanisani. Walikuwa wanakujibu vizuri pia. Wakati wote huo muzungu wangu alikuwa anakula saa zangu. Mashine nikaifunika kitambaa. Furaha akaacha kazi yake ya usekretari ili anivishe na kunigeuza kitandani, na kila mtu akamsifu kuwa binti mwema, hakuna aliyesema kwamba hilo nalo ni gharama.

Halafu moyo wako ukasimama, wewe uliyekuwa hujawahi kulala hospitali. Kwa miezi mingi sikutaka kusikia habari ya mutuelle. Niliona kama jambo letu limezikwa pamoja nawe.

Aliyenirudisha ni Furaha. Alikuja na habari kwamba kutakuwa na mkutano mkuu, wanachama wote, ukumbi wa parokia, baada ya misa ya pili. Akasema katika mkutano mkuu mwanachama yeyote anaweza kuomba neno. Nikamwambia sawa, lakini nitakwenda na kidonge changu na kitenge changu cha bluu, kwa heshima ya baba yako. Unaona hata mimi nilivyo mgumu. Tukapanga saa vizuri: ningesema mapema, nikiwa na nguvu, na ningeeleza kwa maneno yale wasiyoyaona kwa macho.

Wewe unajua mikutano yetu. Tulimngoja mgeni wa heshima. Mgeni alipofika, akapewa neno la kufungua. Aliyemkaribisha naye alikuwa na neno. Kukawa na sala, kwaya, ripoti, halafu ripoti juu ya ripoti. Nilikuwa nimekaa benchi ya tatu, ninasikia dawa inavyoondoka mwilini kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka. Kwanza kidole. Halafu mkono mzima, ukawa unagonga benchi, na mama aliye mbele yangu akageuka kutazama nani anabisha hodi. Papa Président akaita jina langu hapo hapo.

Nilijaribu kusimama. Miguu ilikataa. Nikajaribu tena, nikainuka kidogo na kuanguka kwenye benchi, na kitenge kile ulichokipiga pasi kwa miaka mingi kikapanda upande mmoja. Furaha akaja mbio na chupa ya maji na kidonge kiganjani.

"Maman, kunywa."

"Bado."

"Maman, tafazali! Bote bako nakuangalia."

"Njo hivyo nataka. Baangalie kwanza."

Sikujua nitasema vile, Baba Furaha. Nilikuwa nimekuja nikiwa na hotuba. Lakini nilipoona vile vichwa vyote vimenigeukia, niliona kwamba hotuba yenyewe ndiyo hii, imekaa benchi ya tatu, inatetemeka. Nilikuomba radhi moyoni, mara moja tu, na nikaacha kuushika mkono wangu. Nikauacha ufanye unavyotaka. Ulikuwa mwepesi ajabu baada ya miaka yote ile ya kuukalia.

Nikasema nikiwa nimekaa. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi waache hata kukohoa. "Papa Président, ulisema hii ugonjwa haiue mutu. Ni kweli. Angalia, niko muzima hapa mbele yako, na siwezi kusimama ju ya kuenda choo." Mtu mmoja alicheka akaona aibu. Nikaendelea. Niliwaambia kwamba mimi si mzee, ninashona, nimewashonea nusu ya wanawake waliomo humo, na nguo za komunyo za watoto wao. Niliwaambia kwamba sitaki kumnyang'anya mtoto wa moyo nafasi yake. Ninauliza tu kwa nini mfuko unangoja mtu awe anakufa ndipo umwite mgonjwa. Niliwaambia kwamba vidonge wanavyonilipia vinaongezeka kila mwaka na vinanisaidia kidogo kila mwaka, na kwamba nyumbani kwangu wagonjwa ni wawili, mimi na yule binti aliyesimama pale na chupa ya maji. Nikamwambia yule daktari kijana kwamba siku ile hakukosea. Alimwona mtu wa kweli, ila alimwona nusu.

Ndipo nikamwambia Furaha alete kidonge. Kikachukua muda wake kama kawaida, na hakuna aliyeondoka. Mkutano ulisimama pale pale. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo chini chini, wengine wakaupokea, wakaimba beti zote na kurudia. Walikuwa wanaimba na kunichungulia. Nilisikia miguu ikirudi, kwanza vidole, halafu magoti. Nikasimama. Nikatembea kati ya mabenchi mpaka kwenye meza kuu, nikanyoosha mkono nimsalimie Papa Président. Aliuangalia ule mkono kabla ya kuupokea.

"Hii njo ile maman ya sasa hivi?" akauliza, bila mikrofoni, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Njo mimi," nikamwambia. "Mulikuwa munanijua upande moja tu."

Daktari kijana akaomba neno. Alisema mbele ya wote kwamba kuanzia siku ile mgonjwa wa namna hii aonwe kwa nyakati zote mbili, akiwa na dawa na akiwa hana, na kwamba operesheni hii iingie kwenye mfuko kwa wale ambao mtaalamu atasema wanafaa. Akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: kile kifaa kina betri, betri inakwisha baada ya miaka, na haina maana kumlipia mtu aamke halafu kumwacha azimike. Mikono ikapanda. Wapo walioishusha, sitakudanganya. Lakini iliyobaki juu ilitosha, na Papa Président mwenyewe alikuwa kati yao. Safari tulijilipia sisi, ndugu zako wakisaidia, na shirika likatupikia chakula cha njiani kana kwamba Nairobi ni jangwa.

Operesheni ungeipenda, maana wanaifanya mgonjwa akiwa macho na anaulizwa maswali kama darasani. Hakuna maumivu unayoyadhania. Kuna baridi, kuna sauti, na kuna uso wa daktari unaochungulia. Akaniambia, kwa Kiswahili chao kile kilichopigwa pasi, nihesabu kurudi nyuma kuanzia ishirini. Nikaanza kwa Kifaransa: vingt, dix-neuf, dix-huit. Nikaona wanatazamana. Mmoja akasema maneno yangu yameharibika, mwingine akasimamisha mkono. Nikawaambia, "Hapana, docteur, sisi tunahesabuake vile." Walicheka nyuma ya vile vitambaa vya mdomoni, na mimi nikacheka, kichwa changu kimefungwa kwenye chuma. Nilikuwa ninataka sana kukusimulia hilo. Kwa siku kadhaa niliamka nikigeukia upande wako.

Kifaa waliwasha baadaye, jeraha likiwa limepona. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mkono unafanya fujo zake juu ya goti, na yule mtaalamu akabonyeza kitu. Mkono ukatulia. Ukalala tu pale. Furaha akaanza kulia, mimi nikabaki ninautazama, ninaogopa kuusogeza usije ukakumbuka.

Sasa nikwambie ukweli wote, usidhani nimekuwa msichana. Vidonge ninakunywa bado, ila vichache. Sauti yangu haikurudi yote, na ninyi watu wa kuguna mnapata nafasi. Vilima vya Bagira ninapanda polepole na fimbo. Siku nyingine muzungu anajikohoza kidogo kunikumbusha kwamba hajahama. Lakini mashine nimeifunua. Ninatia uzi kwenye sindano mwenyewe, na nikiamka usiku ninageuka bila kumwita mtu. Furaha amerudi kazini. Mchana ninakula bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, ninavitoa vichwa kwa vidole vyangu, ninafurahi kama mjinga.

Wiki mbili tatu hivi zilizopita watu wa Kalehe, kule kando ya ziwa, waliniita, wana mutuelle yao na wana mgonjwa wao, baba mmoja fundi seremala. Nilikwenda kwa boti. Kamati yao ilikuwa imekwisha kusema yale yale, kwamba ni ugonjwa wa uzee, kwamba hauui, kwamba Nairobi ni mbali. Sikubishana sana. Niliwauliza lini mara ya mwisho walimwona akiwa hana dawa. Hakuna aliyekuwa amemwona. Baba mwenyewe alikuwa amekaa pale amevaa suti, mke wake amemfunga kravati, na nilipoiona ile kravati nilikuona wewe. Sijui watamjibu nini. Nimewaomba, kama ninavyowaomba wote watakaosoma hapa, wenye mutuelle na wenye makampuni ya bima na wenye kuandika sheria za wafanyakazi: mkae na mgonjwa siku nzima kabla hamjasema hapana. Na ninyi wagonjwa wenzangu, mliofundishwa kama sisi kuingia wima, najua ni vigumu. Kaeni waone.

Imebaki habari moja, na hii sijamwambia mtu.

Siku tulipokuzika, dawa zangu zilikuwa zimesahauliwa. Nyumba ilikuwa imejaa, kila mtu analia, na hata mimi sikukumbuka kidonge. Pale kaburini wakanishika mabega, wakanipa udongo kiganjani ili nikutupie wa kwanza, kama inavyofanywa. Mkono ukaanza. Udongo wote ulimwagikia viatu vyangu, Baba Furaha. Nikachukua mwingine, ukamwagika tena, na miguu haikukubali kusogea karibu. Dada yako akaona aibu kwa ajili yangu, akanivuta kando, akatupa yeye. Nyuma yangu nilimsikia mtu wa kwenu akisema, "Amekatala kumuzika bwana yake." Maneno yale nimelala nayo na kuamka nayo. Wewe ungejua kwamba si kweli, lakini wewe ndiye uliyekuwa chini.

Jumamosi iliyopita nilikuja. Labda ulitusikia, maana Furaha alikuwa anaongea njia nzima. Niling'oa majani, nikapangusa jina lako, halafu nikainama mwenyewe nikachota udongo. Furaha akauliza kama inaruhusiwa, mtu akiwa amekwisha kuzikwa. Nikamwambia sijauliza mtu. Nikanyoosha mkono juu yako na kuushika hivyo kitambo, wazi, watu waliokuja kwa wafu wao wanaona. Haukucheza. Nikageuza kiganja, na udongo ukaanguka wote pale nilipotaka uanguke.

Sasa nimekuzika, mume wangu. Pumzika tu. Mimi nina bibi harusi mlangoni anangoja kupimwa nguo.

Mke wako,
Mama Furaha